Paka wa Wakimbizi na Alama Iliyo Chini ya Ngozi



Juma hili ninawaletea tafakari juu ya paka. Najua wapo watakaotabasamu, na wapo watakaouliza kama padre amekosa la kuandika katika dunia yenye njaa na vita. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu humu humu kabla sijamaliza. Lakini kisa nitakachosimulia kimetoka katikati ya vita na ukimbizi, na ndani yake mna fundisho juu ya wajibu wetu kwa viumbe ambao sisi wenyewe tumependa kuwaingiza katika nyumba zetu.

Mwaka 2015 watu zaidi ya 850,000 walivuka bahari wakaingia Ugiriki, wengi wao wakitokea Syria, Afghanistan na Iraki. Walitoka pwani ya Uturuki kwa mashua za mpira zilizojazwa kupita kiasi, na wengi walifikia kisiwa cha Lesbos. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Mosul, Iraki, pamoja na watoto wake watano. Mji wao ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu tangu Juni 2014. Walipokimbia waliacha nyumba, jamaa, na karibu kila walichokuwa nacho. Hawakumwacha paka wao mweupe, aliyeitwa Kunkush. Walimbeba njia nzima, wakampandisha mashuani, wakavuka naye hadi Ulaya.

Pale ufukoni, katika purukushani za kushuka, Kunkush aliponyoka akatoweka. Familia ilimtafuta isimwone. Hatimaye iliwabidi kuendelea na safari pamoja na umati wa wakimbizi wengine, kuelekea kaskazini, bila kujua watakubaliwa kuishi nchi gani.

Siku chache baadaye, katika kijiji cha Skala Sikamineas, watu wakaanza kumwona paka mweupe mchafu, mwenye njaa, ambaye paka wa pale walikuwa wakimfukuza huku na huku. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Huyu alikuwa mgeni, na mweupe kweli. Watu waliojitolea kuwapokea wakimbizi wakatambua kwamba lazima alifika na mashua. Lakini alikuwa wa nani? Hakuna aliyejua. Hata jina lake hawakulijua, wakampa jina la Dias, ambalo ndilo Wagiriki wa leo wamwitalo Zeu, mungu wa hadithi zao za kale.

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, wakamtunza, wakafungua ukurasa kwenye intaneti wenye picha yake, wakiomba dunia nzima iwasaidie kuitafuta familia. Januari 2016 mmoja wao alimsafirisha hadi Berlin, Ujerumani, akapokelewa na familia iliyokubali kumlea kwa muda, kwa kuwa wakimbizi wengi walielekea huko. Mwezi Februari habari zikafika Norwe, ambako mama yule na watoto wake walikuwa wamepewa hifadhi. Walimtambua mara moja. Akasafirishwa tena kwa ndege, na takriban miezi minne tangu apotee, akarudi mikononi mwa watoto waliokuwa wamekwisha kumlilia kama aliyekufa. Mwaka 2017 kisa hiki kilitolewa katika kitabu cha watoto.

Ni kisa cha kufurahisha. Hata hivyo, tusikisome kwa furaha tu. Tuhesabu kilichohitajika ili paka mmoja arudi kwao: wenye kujitolea wa nchi mbalimbali, daktari wa mifugo, walezi wa Berlin, safari mbili za ndege, wafasiri wa lugha, waandishi wa habari, na maelfu ya watu wasiojuana waliosambaza picha moja. Kama familia ile isingekuwa na jamaa au rafiki aliyeiona picha hiyo, kazi yote hiyo isingefika popote. Kwa kila Kunkush mmoja anayerudi, wapo wengi wasio na mwandishi wa habari wa kuwasemea, ambao huishia jalalani au chini ya gurudumu la gari.

Sasa tuulize: kama paka yule angekuwa amewekewa chipu ya utambulisho, na namba ya simu ya mama yule ikawa imeandikwa katika sajili, mambo yangekwendaje? Daktari wa kwanza angempitishia kifaa cha kusomea mgongoni, akapata namba, akaitafuta katika sajili, na simu ya mama yule ingelia akiwa bado njiani. Simlaumu mama huyo. Anayekimbia mabomu hana nafasi ya kutafuta chipu. Nawasema wale wenzangu tunaoishi kwa amani, tulio na muda na wepesi wa kufanya jambo hilo, nasi hatulifanyi.

Chipu hiyo ni kitu gani? Ni kidude cha kielektroniki kilichofungwa ndani ya kioo maalumu kisichodhuru mwili. Urefu wake ni kama milimita 12 na unene wake kama milimita 2, sawa na punje ya mchele. Daktari wa mifugo huiingiza kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega ya mnyama. Haihitaji upasuaji wala dawa ya usingizi. Haina betri, na kwa hiyo haiishi nguvu. Hukaa kimya maisha yote ya mnyama mpaka kifaa cha kusomea kinapopitishwa karibu yake. Mawimbi ya redio ya kifaa hicho ndiyo yanayoiamsha, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Kwa chipu zinazofuata kanuni za kimataifa, namba hiyo ina tarakimu 15, na tatu za mwanzo huonyesha nchi au kiwanda ilikotoka.

Nataka tuelewane vizuri hapa, kwa sababu wengi hudhani chipu humwonyesha mnyama alipo, kama simu zinavyofuatiliwa kwa setilaiti. Sivyo. Chipu haijui iko wapi, na haina jina lako wala anwani yako. Ina namba tu. Jina na simu yako vimo katika sajili, na sajili hujua yale tu uliyoiambia. Kwa hiyo ziko nguzo tatu: chipu iliyo mwilini, taarifa za kweli zilizo katika sajili, na mtu mwema atakayempeleka mnyama kusomwa. Ikianguka moja, mbili zilizobaki hazifai kitu.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vituo 53 vya kuhifadhia wanyama. Kati ya paka wote waliookotwa mitaani na kuingizwa katika vituo hivyo, waliorudishwa kwa wenyewe hawakufika hata 2 katika kila 100. Kati ya wale waliokuwa na chipu, waliorudishwa walizidi 38 katika kila 100. Kwa mbwa, tofauti ilikuwa kati ya 22 hivi na 52. Mtu makini atasema kwamba anayemwekea paka wake chipu huenda pia ndiye anayemtafuta kwa bidii zaidi, na hiyo ni kweli. Lakini tofauti ya mara ishirini haiwezi kuelezwa kwa bidii peke yake.

Uchunguzi huo huo una sehemu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Karibu robo tatu ya wanyama wenye chipu, wenyewe walipatikana. Je, robo iliyobaki? Sababu iliyoongoza, kwa zaidi ya theluthi moja ya wale walioshindikana, ilikuwa namba ya simu iliyokosewa au iliyokwisha kukatwa. Chipu ilikuwapo, daktari aliisoma, sajili ikafunguliwa, simu ikapigwa, na hapakuwa na mtu upande wa pili. Mwenye mnyama alikuwa amehama au amebadilisha laini, na hakukumbuka kutoa taarifa. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari lisilosahihishwa halina tofauti na kukosa daftari.

Pale nguzo zote tatu zinaposimama, mambo ya ajabu hutokea. Mwaka 2011 paka aitwaye Willow aliokotwa katika mitaa ya Manhattan, New York. Aliposomwa, namba ilionyesha kwamba alitoweka miaka mitano nyuma katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo. Familia yake iliamini kwamba ameliwa na wanyama wa porini. Mwishoni mwa mwaka 2012, paka mwingine, Holly, aliyepotea akiwa safarini na wenyewe katika jimbo la Florida, alitembea karibu kilomita 300 kwa miezi miwili akaonekana tena katika mji wa nyumbani, hoi na amekonda. Aliyemwokota hakumfahamu. Chipu ndiyo iliyothibitisha kwamba ni yeye.

Zipo nchi ambazo zimeona kwamba jambo hili lisiachwe kwa hiari ya mtu. Ufaransa huwataka wenye paka waliozaliwa tangu mwaka 2012 wawatambulishe na kuwasajili. Ubelgiji ilifuata mwaka 2017. England ilianza kulazimisha chipu kwa mbwa mwezi Aprili 2016, na tangu Juni 10, 2024 kila paka anayefugwa huko lazima awe na chipu kabla ya kufikisha umri wa majuma 20. Asiyetii hupewa siku 21 za kurekebisha, na akikaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Wasomaji wetu walioko Afrika Mashariki nao wanaguswa: anayetaka kumpeleka paka au mbwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hana budi kumwekea chipu, na chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa kabla ya chipu haihesabiki. Msafiri mwenye haraka asiyelijua hilo huanza upya utaratibu mzima, ambao huchukua miezi.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao. Wafugaji wetu walimtia ng'ombe chapa na kumkata sikio kwa mtindo wa ukoo tangu enzi ambazo hakuna aliyeota umeme. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu mnyama hana ulimi wa kujieleza, na mwenye kumpenda humpa alama itakayosema kwa niaba yake. Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na wafugaji wengi wamekwisha kuziona hereni za kielektroniki masikioni mwa ng'ombe. Chipu ya paka ni ndugu ya chapa ile ya babu zetu, isipokuwa haiungui ngozi na haionekani kwa macho.

Wengine tena husema, "Paka hapotei. Akichoka atarudi mwenyewe." Mara nyingine hurudi, ndiyo. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia zaidi ya paka 1,200 waliopotea, ulionyesha kwamba waliopatikana ndani ya mwaka mmoja walikuwa 61 tu katika kila 100, na waliorudi wakiwa hai ndani ya siku saba walikuwa kama theluthi moja. Uchunguzi huo unatupa pia faraja na maelekezo: robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotorokea. Paka aliyetishika hujificha karibu, chini ya gari, darini, katika banda la jirani, akinyamaza hata akisikia jina lake. Kwa hiyo, paka akipotea, mwenye paka asikae nyumbani akisubiri. Atoke, ainame, amulike kwa tochi, abishe hodi kwa majirani. Chipu haiondoi wajibu wa kutafuta. Inamsaidia paka pale anapoangukia mikononi mwa mtu asiyemjua.

Sasa nirudi kwenye swali nililoahidi kulijibu. Je, si aibu kutumia fedha kwa paka wakati binadamu wana njaa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2416 hadi 2418, inaweka mambo mawili pamoja. Inasema wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Inasema pia kwamba haifai kuwatumikia kwa fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Mafundisho hayo yote mawili nayashika. Ndiyo maana sitetei vitanda vya hariri vya paka, wala sherehe za kuzaliwa za mbwa. Natetea sindano moja, inayolipiwa mara moja, itakayomhudumia mnyama maisha yake yote. Kinachogharimu zaidi ni kupotea: mabango, nauli, siku za kazi zilizokatika, na vituo vilivyojaa wanyama wenye wenyewe wasiojulikana, wanaolishwa kwa fedha za hisani.

Tena, si kweli kwamba huruma kwa mnyama humnyang'anya mwanadamu huruma. Mikono iliyomwokota Kunkush ndiyo ile ile iliyokuwa ikiwapokea wakimbizi ufukoni. Na kwa watoto wale watano, paka yule alikuwa ndiye kitu pekee kilichobaki cha nyumba yao. Kumrudisha kwao ilikuwa ni kuwahudumia wao. Wamarekani walijifunza somo hili kwa uchungu kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans Agosti 2005. Wako watu waliokataa kuokolewa kwa sababu wanyama wao hawakuruhusiwa kupanda pamoja nao, na maelfu ya wanyama waliookolewa baadaye hawakuwaona tena wenyewe. Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, sheria ikapitishwa kuzitaka mamlaka za huko zifikirie pia wanyama wa nyumbani zinapopanga kuwahamisha watu. Hawakuipitisha kwa sababu waliwathamini paka kuliko watu. Waliona kwamba anayetaka kumwokoa mtu hana budi kujua ni nini ambacho mtu huyo hayuko tayari kukiacha.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Kwanza, mwenye paka au mbwa amwendee daktari wa mifugo, aulize kama chipu inapatikana, na kama ipo, isajiliwe papo hapo kwa jina na namba ya simu inayofanya kazi. Chipu isiyosajiliwa ni punje ya kioo tu. Kama chipu haipatikani mahali ulipo, au hakuna kifaa cha kuisomea, basi mkanda wa shingoni wenye namba ya simu utafanya kazi kubwa. Kwa paka uchague ule unaofunguka wenyewe ukinaswa kwenye tawi, usije ukamnyonga. Hata mwenye chipu afanye vyema kuongeza mkanda, kwa sababu jirani hana kifaa cha kusomea, lakini macho anayo.

Pili, kila unapohama au kubadilisha laini, sajili iwe miongoni mwa wa kwanza kupewa habari. Katika makanisa mengi wanyama hubarikiwa karibu na Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ningependa siku hiyo iwe pia siku ya kila mfugaji kuhakiki namba yake ya simu katika sajili, na kumwomba daktari amsome mnyama wake, kwa kuwa mara chache chipu huhama kidogo kutoka mahali ilipowekwa, na ni vizuri kujua kwamba bado inasomeka.

Tatu, na hili ni letu sote, hata tusiofuga: ukimkuta paka mgeni, mpole, aliyezoea watu, usiseme moyoni kwamba Mungu amekupa paka. Huenda yuko mtoto anayemlilia mtaa wa pili. Mpe maji, waulize majirani, mpeleke asomwe. Tunamsifu mchungaji anayemtafuta kondoo wake aliyepotea. Lakini kazi ya mchungaji huyo huwa nyepesi sana pale anapokutana njiani na mtu mwaminifu aliyemwona kondoo, akamshika, na akajua ampeleke kwa nani.

Nawatakia nyote juma lenye amani, ninyi na wote mnaowatunza.